Kukarabati kanisa la kale Uingereza: maji kwanza, kibali pili, pesa baadaye

Siku hizi si ajabu kumkuta Mtanzania au Mkenya kwenye halmashauri ya kanisa la kijiji huko Norfolk au Kent. Umehamia pale kwa kazi, umeanza kusali, waumini wachache wa kila Jumapili wamekuzoea, na mkutano wa mwaka umekuchagua kuwa mzee wa kanisa. Unakabidhiwa funguo, mafaili yaliyojaa vumbi, na jengo la karne ya 14 linalovuja.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Unahusu makanisa ya Kianglikana ya England. Wales, Scotland na madhehebu mengine yana taratibu zao, ingawa habari za maji na chokaa hazibadiliki popote uendapo.

Niseme mapema ninachokiamini: parokia nyingi huanza na harambee, zikaishia na pesa kidogo benki na paa lilelile bovu. Mfuatano sahihi ni kuzuia maji leo kwa pesa ndogo mliyonayo, kuandaa nyaraka na vibali, kisha ndipo mwende kubisha milango ya wafadhili. Mfadhili hatoi pesa kwa sababu kanisa ni zuri. Anatoa kwa sababu ameona watu wanaojua kasoro iko wapi, itagharimu kiasi gani, na nani ataisimamia.

1. Jua mzigo ni wa nani

Wengi hudhani kwamba serikali au askofu ndiye anayelipa. Mwenye wajibu wa kutunza jengo ni halmashauri ya parokia, yaani wewe na wenzako. Kanisa la England lina makanisa karibu 16,000, na zaidi ya robo tatu yamo kwenye orodha rasmi ya majengo ya kihistoria. Norfolk peke yake ina zaidi ya makanisa 600 ya Zama za Kati. Hakuna hazina ya dayosisi inayoweza kuyabeba yote hayo, na dayosisi nyingi zinahangaika hata kulipa mishahara ya makasisi.

Kuna kitu kimoja cha kuchunguza kwenye mafaili. Katika baadhi ya parokia, sehemu ya madhabahu si mzigo wa halmashauri bali wa mmiliki wa ardhi fulani, kwa deni la kisheria lililotoka Zama za Kati. Wenye shamba moja huko Aston Cantlow, Warwickshire, walipambana na deni hilo hadi Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo. Mwaka 2003 walishindwa, na bili yao baadaye ilifika zaidi ya pauni 180,000. Baada ya tarehe 13 Oktoba 2013, ardhi ikiuzwa kabla deni halijasajiliwa, mnunuzi mpya habanwi tena. Mkikuta karatasi za aina hiyo, msiandikie jirani barua ya madai. Mpelekeeni msajili wa dayosisi, ambaye ni mwanasheria, awaambie mnasimama wapi. Kijiji kikigawanyika kwa jambo hili, hamtapata hata mtu wa kufagia kanisa.

2. Isome ripoti ya miaka mitano

Tangu sheria ya mwaka 1955, kila kanisa la parokia hukaguliwa kila baada ya miaka mitano na msanifu majengo au mpima majengo mwenye ujuzi wa majengo ya kale. Ripoti yake ndiyo msingi wa kila kitu. Itafute, na utafute pia ile iliyoitangulia na ya kabla yake. Ziweke mezani pamoja. Ukiona ufa uleule wa mnara umetajwa katika ripoti zote tatu kwa vipimo vilevile, ufa huo umetulia, usiupigie kelele. Ukiona neno "unyevu" linahama kutoka kona moja kwenda ukuta mzima, hapo ndipo penye ugonjwa.

Ripoti hupanga kazi kwa uharaka: za sasa hivi, za ndani ya mwaka mmoja hivi, za ndani ya miaka mitano, na zile za kutamani tu. Halmashauri hupenda kurukia za kutamani, kama viti vipya, jiko au taa za kupendeza. Usiziue ndoto hizo, maana zitakuja kukusaidia kwa wafadhili. Ila zikae nyuma ya paa.

Kama hamna msanifu, msimtafute kwa bei tu. Mwulizeni awe na ithibati ya kazi za uhifadhi, na uteuzi wake upitie kwa kamati ya ushauri ya dayosisi. Msanifu wa nyumba mpya, hata akiwa hodari namna gani, anaweza kuwaandikia dawa itakayolimaliza jengo.

3. Toka nje mvua inaponyesha

Hatua hii haina gharama na ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Subiri mvua ya kweli, vaa koti, zunguka kanisa polepole ukiwa na simu ya kupigia picha. Siku ya jua, mifereji yote ni mizima.

Anza juu. Makanisa mengi ya Zama za Kati yana mifereji iliyojificha nyuma ya ukuta wa ukingo wa paa, na mingine katikati ya paa mbili zinazokutana. Hiyo ndiyo hatari zaidi kwa sababu huioni ukiwa chini. Ikiziba, maji hayamwagiki nje. Yanarudi ndani na kutua juu ya vichwa vya boriti, mahali mbao inapoingia ukutani. Mwaloni ulioishi miaka 600 ukiwa mkavu huoza kwa miaka michache ukiloa hapo. Tazama midomo ya mawe inayotema maji: je, inatema mbali na ukuta, au inalamba ukuta? Tazama mabomba ya kuteremshia maji, hasa nyuma yake. Yale ya chuma cha kuyeyusha hupasuka upande wa nyuma, na dalili ni mstari wa kijani ukutani. Chini kabisa, je, maji yanaondoka au yanafanya dimbwi kwenye msingi?

Halafu angalia usawa wa ardhi. Uwanja wa kanisa umezikiwa watu kwa karne nyingi, na udongo umepanda. Mara nyingi utakuta nje pako juu kuliko sakafu ya ndani, na ukuta unanyonya maji. Kuchimba mtaro wenye kokoto kuzunguka kanisa ni tiba inayojulikana, lakini usishike jembe: utakutana na mifupa ya watu na misingi ya kale. Kazi hiyo inataka kibali na mara nyingi mwanaakiolojia wa kusimama pale.

Kisha fanyeni mambo mawili mara moja bila kungoja mfadhili. Kodini fundi mwenye ngazi na bima asafishe mifereji yote, na mwandikeni arudi mara mbili kwa mwaka, mojawapo ikiwa baada ya majani kumalizika kudondoka mwishoni mwa vuli. Pili, rekebisheni vigae vilivyotoka na viungo vya bomba vilivyoachana. Kazi ndogondogo kama hizi dayosisi huziruhusu kwa urahisi, kama nitakavyoeleza. Ukuta wa mawe mnene kiasi cha mkono hukauka polepole sana, kwa hiyo kila msimu mnaosubiri ni hasara.

4. Chokaa, si saruji

Hapa msomaji wa pwani ana faida kuliko Mwingereza wa kawaida. Aliyekulia Lamu, Unguja au Kilwa ameona kuta za mawe ya matumbawe zilizounganishwa kwa chokaa. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ulioanza kujengwa karne ya 11 na kupanuliwa baadaye, na kanisa la gumegume la Norfolk ni majengo ya rika moja, na ndani ya kuta zao mna chokaa vilevile. Kule walichoma matumbawe, huku wakachoma mawe ya chokaa na chaki.

Ukuta wa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa, kama kanzu ya pamba mwilini. Ukiuziba kwa saruji, maji yanayoingia kupitia ufa mdogo hayana pa kutokea isipokuwa kwenye jiwe lenyewe. Huku Uingereza kuna balaa jingine ambalo pwani haliko: baridi. Maji yaliyonaswa nyuma ya saruji yanaganda, yanatanuka, na uso wa jiwe unabanduka kama ganda. Ukitembea nje ya kanisa ukaona mistari ya saruji ya kijivu imesimama imara huku mawe laini yameliwa yakawa mashimo, umeona kazi ya mafundi wa karne ya 20 waliodhani wanasaidia.

Kwa hiyo muagize fundi mwashi aliyezoea chokaa, na umuulize maswali haya kabla ya kumpa kazi. Saruji ya zamani ataitoaje? (Jibu zuri ni kwa patasi na nyundo kwa uangalifu, na pale inapong'ang'ania kiasi cha kuvunja jiwe, aiache.) Ataanza mwezi gani? Chokaa haipendi joto chini ya nyuzi 5, na baridi kali ikiikuta haijashika inabomoka, hivyo kazi ya nje hupangwa kuanzia majira ya kuchipua hadi mwanzo wa vuli. Atailindaje? Unataka kusikia habari za magunia yenye unyevu yaliyotundikwa juu ya kazi mpya ili isikauke haraka. Fundi anayesema "nitachanganya na saruji kidogo ili ishike" mshukuru kwa muda wake, mpe chai, aende.

Usikubali pia mtu akuuzie rangi au dawa ya kuzuia maji ya kupuliza kwenye mawe. Wauzaji wake wana maneno matamu sana.

5. Mbao, michoro na popo

Tabia ya kurudisha kanisa "lilivyokuwa" ilifanya uharibifu mkubwa karne ya 19. Wasanifu wa enzi ya Victoria walikwangua lipu za kale, wakang'oa viti na madirisha ya karne za baadaye ili kanisa lote lifanane na karne ya 13 ya mawazoni mwao. William Morris na mwenzake Philip Webb walikasirishwa na hilo kiasi cha kuanzisha chama cha kulinda majengo ya kale mwaka 1877, na chama hicho bado kipo, kinatoa ushauri, na kina sauti rasmi katika maombi ya vibali. Msimamo wake ndio unaotawala leo: rekebisha kilichooza, acha kizima, na kiungo kipya kionekane kuwa kipya ukikikaribia.

Kwa mbao, maana yake ni kwamba boriti iliyooza ncha haing'olewi yote. Seremala hukata sehemu mbovu na kuunga kipande kipya cha mwaloni kwa kiungo cha kupachikana. Ukikuta vitundu na unga wa mbao chini, yaelekea ni mdudu mtoboa mbao wa mwaloni mkuukuu. Mdudu huyo hupenda mbao yenye unyevu. Ziba mvujo, ruhusu hewa ipite, naye atapungua pasipo kumwaga lita za sumu.

Kwa kuta za ndani, usimruhusu mtu akwangue chokaa nyeupe kabla mtaalamu hajaipima. Karne ya 16, wakati wa Matengenezo ya Kanisa, michoro ya ukutani ilipakwa chokaa kote nchini, na mingi bado imelala chini yake. Huko Wenhaston, Suffolk, mwaka 1892, mafundi waliziondoa mbao zilizopakwa chokaa wakazitupa nje uwanjani. Mvua ya usiku ikaiosha chokaa, na asubuhi ukatokea mchoro wa Siku ya Hukumu wa miaka ya 1500 hivi, Kristo akiwa juu na shetani anapokea watu wake pembeni. Mchoro huo uko kanisani hadi leo. Ni mara chache mvua kulifanyia kanisa hisani.

Popo nao wana sheria. Aina zote za popo wa Uingereza zinalindwa, na makazi yao pia, hata wakati ambao hawamo. Msipofanya uchunguzi wa popo mapema, kazi ya paa inaweza kusimama katikati, jukwaa la mafundi limekodiwa na saa inahesabu pesa. Uchunguzi una misimu yake, hasa miezi ya kiangazi wanapozaa, kwa hiyo uagizeni mwaka mmoja kabla.

6. Kibali

Kanisa la England halihitaji ruhusa ya halmashauri ya wilaya kwa jengo lililoorodheshwa jinsi nyumba ya mtu inavyohitaji, kwa sababu lina mfumo wake wa vibali. Usiichukulie hiyo kuwa ruhusa ya kufanya utakavyo. Anayetoa kibali ni chansela wa dayosisi, ambaye ni hakimu wa mahakama ya kanisa, na anaweza kuamuru kazi iliyofanywa bila kibali ivunjwe kwa gharama yenu.

Kuna ngazi tatu. Kazi ndogo za matunzo ziko kwenye orodha A, na hazihitaji kumwuliza mtu mkishatimiza masharti yaliyoandikwa. Za kati ziko orodha B: mnamwandikia Shemasi Mkuu, naye hujibu kwa maandishi baada ya kushauriana na kamati. Kazi kubwa, kama kubadilisha aina ya paa, kuondoa viti au kuchimba, zinataka kibali kamili.

Kwa kibali kamili mtaandika taarifa mbili ambazo watu huzidharau. Ya kwanza inaeleza thamani ya jengo: lilijengwa lini, nini ni cha kipekee, nani alilibadilisha. Ya pili inaeleza mahitaji yenu: kwa nini mnataka kufanya hivi na kwa nini njia nyepesi haitoshi. Ziandikeni vizuri, maana maneno yaleyale mtayatumia baadaye kwa wafadhili. Iteni kamati ya ushauri ya dayosisi ije mapema, kabla ya michoro kukamilika. Wataalamu wake hujitolea, na ushauri wanaoutoa wakiwa wamesimama kanisani mngeununua kwa pesa nyingi kwingine. Ombi likishaingia, tangazo hubandikwa kwa siku 28 ili yeyote mwenye pingamizi aseme. Mambo ya nje yanayobadilisha sura ya jengo yanaweza kuhitaji pia ruhusa ya mipango ya mji kutoka wilayani. Hiyo haina msamaha.

Msianze kazi kabla. Mbali na chansela, karibu kila mfadhili anakataa kulipia kazi ambayo tayari imeanza. Nyundo ikigonga mapema, ruzuku imekwenda.

7. Hesabu isiyodanganya

Fundi akisema paa ni pauni 100,000, kanisani tangazeni takriban 150,000. Hesabu ni hii: ongeza fungu la dharura asilimia 10, inakuwa 110,000. Ada za msanifu na wataalamu wengine, tuseme asilimia 12 ya hiyo, ni 13,200. Jumla 123,200. Kodi ya VAT ya asilimia 20 ni 24,640. Mwisho wa yote ni pauni 147,840. Jengo kuukuu lina mambo ya kushtukiza kila unapofunua, kwa hiyo fungu la dharura msilipunguze ili hesabu ipendeze.

Kuhusu VAT: tangu 2001 kulikuwa na mpango wa serikali wa kuyarudishia makanisa yaliyoorodheshwa kodi hiyo, lakini Aprili 2025 uliwekewa kikomo cha pauni 25,000 kwa kanisa kwa mwaka. Mipango ya namna hii hubadilika bajeti ya taifa inapobadilika. Pangeni kana kwamba mtailipa yote, na angalieni utaratibu wa mwaka wenyewe kabla ya kusaini mkataba.

Pokeeni zabuni tatu kwa maelezo yaleyale ya msanifu. Bei ya chini kupindukia kwa kawaida ina maana mtu hakusoma neno "chokaa". Na kwa kuwa jukwaa hula sehemu kubwa ya gharama, jiulizeni ni kazi gani nyingine za juu zifanywe wakati limesimama.

Paa la madini ya risasi lina swali lake. Wezi wa madini wameyaumiza makanisa ya vijijini vibaya, na bima hailipi hasara yote isipokuwa mmetimiza masharti yake, kama king'ora cha paani na alama za siri kwenye risasi. Kama mmeshaibiwa, ulizeni kuhusu chuma kisichoshika kutu kilichopakwa bati maalumu. Hakipendezi kama risasi na hakidumu kama risasi, lakini mwizi hakitaki. Mimi ningekichagua kwa kanisa lililo mbali na nyumba za watu.

8. Pesa: anzeni mfukoni mwenu

Baada ya moto wa Notre-Dame ya Paris, Aprili 2019, dunia ilichanga karibu euro milioni 850, na kanisa likafunguliwa tena Desemba 2024. Kanisa la kijiji lenu halitachangiwa hivyo. Pesa zenu zitatoka sehemu nyingi ndogo, na mpangilio wake una maana.

Wa kwanza ni nyinyi wenyewe. Mfadhili anafungua hesabu zenu kuangalia kama waumini wameweka chochote, hata kidogo. Kila mtoaji anayelipa kodi Uingereza ajaze tamko la Gift Aid: kila pauni aliyotoa, serikali inaongeza peni 25. Kwa sarafu za kwenye sahani na malipo ya kugusa kadi, yasiyozidi pauni 30 kila moja, kuna mpango mwingine unaoweza kuongeza hadi pauni 2,000 kwa mwaka bila majina ya watoaji. Nimeona parokia zikilia njaa huku hazijadai pesa hizi.

Halafu kijiji. Hapa tuliokulia kwenye harambee tujirekebishe kidogo. Kule kwetu mgeni rasmi anasimama, anataja kiasi, ukumbi unashangilia, na anayefuata anaona haya kutoa pungufu. Jaribu hivyo kijijini Uingereza uone watu wanavyotazama viatu vyao. Mwingereza hutoa kimya kimya, kwa agizo la benki la kila mwezi au kwa wasia. Wasia hasa: makanisa mengi ya vijijini yamesimama kwa pesa walizoacha marehemu, kwa hiyo wekeni kikaratasi cha kueleza jinsi ya kulikumbuka kanisa kwenye wasia. Lakini tusitupe yote ya kwetu. Jioni ya pilau na sambusa huleta watu ambao ibada haijawahi kuwaleta, na nao hurudi.

Wapo wengi wasiosali lakini wanaolipenda jengo, wenye makaburi ya babu zao pale. Hao waundieni chama cha Marafiki wa kanisa, chenye usajili na akaunti yake, kikiahidi kwamba pesa ni za jengo tu, si za mishahara wala dayosisi. Asiyeamini Mungu anaweza kujiunga bila kujihisi mnafiki.

Baadaye nendeni kwenye mfuko wa makanisa ya kihistoria wa kaunti yenu. Kaunti nyingi zinao, fomu ni fupi, na majibu hayachukui muda mrefu. Jumamosi ya pili ya Septemba watu huzunguka makanisa kwa baiskeli au kwa miguu wakiwa wamedhaminiwa. Kwa kawaida nusu ya pesa hurudi kwa kanisa lao na nusu kwa mfuko. Shirikini hata kama hamjaomba kitu, mjulikane.

Ndipo ije National Churches Trust, shirika la hisani linalofadhili makanisa, na wakfu binafsi kama Garfield Weston na Benefact Trust. Wengi wao hupenda kuwa wa mwisho kuingia, pale mnapokuwa mmeshapata karibu nusu. Mwishoni, kwa miradi mikubwa, kuna National Lottery Heritage Fund, inayotoa kuanzia pauni 10,000 hadi milioni 10. Hawa hawalipii paa tu. Wanauliza nani atafaidika: shule itakuja kujifunza? Kanisa litafunguliwa siku za wiki? Kuna choo? Ile ndoto ya jiko na choo mliyoiweka nyuma ya paa sasa inapata kazi. Kama kanisa lenu limo kwenye rejesta ya majengo yaliyo hatarini ya Historic England, shirika la umma la majengo ya kihistoria, yenye sehemu za ibada zaidi ya 900, litajeni hilo mapema kwenye ombi. Si aibu, ni ushahidi.

Pesa ya bahati nasibu inahitaji mazungumzo. Wengi wetu tumelelewa tukijua kamari ni dhambi, na wapo Waingereza wa rika la wazee wanaofikiri vivyo hivyo. Halmashauri ijadili na kupiga kura kabla ya kuomba, iandike kwenye kumbukumbu, na asiyekubali aheshimiwe. Mabishano hayo yakizuka baada ya barua ya kukubaliwa kufika, yatavunja kamati.

Mtego wa mwisho wa pesa ni muda. Ruzuku nyingi hulipwa baada ya ankara na hati ya msanifu, ilhali mkandarasi anataka chake ndani ya wiki chache. Mnaweza kuwa na ahadi za pauni 140,000 na akaunti tupu. Ongeeni na dayosisi kuhusu mkopo wa muda mfupi kabla ya kusaini, na mweka hazina achore jedwali la mwezi kwa mwezi: nini kinatoka, nini kinaingia.

9. Jukwaa likisimama

Waarifu watu wa bima kwa maandishi kabla ya siku ya kwanza. Marufuku moto wa kuchomelea paani bila kibali cha siku hiyo na mtu wa kulinda baada ya kazi. Makanisa yameteketea kwa sababu ya fundi aliyefunga kazi mapema. King'ora cha jukwaa ni lazima, maana wezi huona ngazi ya bure.

Mabadiliko yoyote yapite kwa msanifu. Mzee wa kanisa asimwambie fundi "ukiwa huko juu, gusa na pale", kwa kuwa neno hilo ni ankara. Piga picha kila kilichofunuliwa kabla hakijafunikwa tena. Na mkandarasi akikubali, pangeni siku ya kuwapandisha wafadhili na wanakijiji juu wajionee boriti kwa macho yao, kwa kofia ngumu na makundi madogo. Mtu aliyegusa mwaloni wa karne ya 14 kwa kiganja chake huandika hundi bila kuombwa mara mbili.

Kazi ikikamilika, sehemu ndogo ya malipo hubaki kwenu hadi kipindi cha kasoro kiishe, mara nyingi mwaka mmoja. Kabla ya kuiachia, toka tena nje mvua inaponyesha, zunguka na msanifu, na kila panapovuja paandikwe. Vibali, hati za malipo, picha na aina ya chokaa iliyotumika viingie kwenye daftari la kumbukumbu za kanisa, ripoti ya mwisho ya ruzuku itumwe kwa tarehe yake, na fundi wa mifereji awe tayari ameandikwa kwa Novemba.